Gari Lililofukizwa Udi

Moshi! Hapo ndipo tulipomwacha Rahmah, roho juu, na nyinyi wasomaji mkaenda zenu kunywa chai. Yeye hajanywa chai. Bado amesimama garajini Bwaise, Kampala, ndoo ya sabuni mkononi, anatazama moshi mweupe ukimwagika madirishani mwa gari lake aina ya Spacio, asubuhi ile ile ya ukaguzi.

"Moto!" akapiga yowe. "Ambroise! Mtungi!"

Ambroise, fundi Mkongo mwenye garaji, akachomoka chini ya lori kama panya aliyemwagiwa maji ya moto. Akaukwapua ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto uliotundikwa msumarini, akatoka nao mbio.

Lakini alikimbilia barabarani.

"Unakwenda wapi? Moto uko huku!"

"Mama, hii njo mtungi moja tu ya garaji!" akajibu kutoka ng'ambo ya mtaro, ameukumbatia kama mtoto mchanga. "Ikiungua, magari ya Bwaise itapita ukaguzi na nini?"

Msimlaumu. Mtungi ule haukuwekwa pale kuzima moto. Uliwekwa kukaguliwa. Madereva wote wanaotaka kubeba abiria wanaoita gari kwa simu huuazima kwa Ambroise. Gari la mbele likishakaguliwa, mtungi hupitishwa dirishani kwa gari la nyuma, na jioni hurudi msumarini kwake, umechoka kuliko madereva.

Rahmah akatupa ndoo. Akashika kitasa cha mlango wa nyuma wa kushoto, akaupiga goti chini kidogo ya kitasa. Mlango ule ndivyo ulivyo, uwe ndani au nje: bila goti, haufunguki, na mwenzake wa kulia hufunguka kwa nje tu. Ni watu wawili tu duniani waliolijua goti lile. Mmoja ni Rahmah. Wa pili ni mumewe, Dawudi, Mungu amrehemu, kama kweli amekufa.

Mlango ukafunguka. Moshi ukatoka. Na sauti nayo ikatoka.

"Funga mlango, mtoto wa watu! Unaupoteza moshi!"

Kwenye kiti cha nyuma, shuka ya Kinubi kichwani, chetezo cha udi kati ya miguu, alikaa Shangazi Sitti, shangazi yake Dawudi. Anaponda ubani kwa kitu kizito alichokivingirisha kitambaa. Ko! Ko! Ko! Wala hana habari.

"Shangazi! Unafanya nini ndani ya gari langu?"

"Ninalifukiza."

"Gari?"

"Linanuka samaki."

Hapo alisema kweli. Juzi Yasiin, mdogo wake Dawudi, aliliazima kumpeleka mgonjwa hospitali. Mgonjwa mwenyewe alikuwa magunia ya samaki wakavu. Tangu hapo paka wa Bwaise wote wakawa wanalisindikiza gari kama linakwenda na bwana harusi. Na kampuni ya hayo magari ya kuitwa kwa simu ilishasema: gari linalonuka halipiti.

Sasa, Shangazi Sitti kazi yake ni kufukiza mabibi harusi, kuanzia Bombo mpaka Kawempe. Msichana wa Kinubi haendi kwa mume bila moshi wa Sitti. Kwa hiyo alipoona Spacio inapelekwa kukaguliwa, alifanya analolijua.

"Shangazi, hili ni gari, si mwali."

"Na mkaguzi ni nani kama si mkwe? Atachungulia, atanusa, ataguna, atatikisa kichwa. Nimepeleka kwa wakwe wasichana wenye kasoro kuliko hii Spacio, na wote wameolewa. Wengine mara mbili."

Rahmah alitaka kucheka. Kabla hajacheka, harufu ya udi ikageuka. Ikawa harufu ya plastiki.

"Shangazi, inuka!"

Kaa moja lilikuwa limeruka. Kiti kimetoboka tundu la kuingiza ngumi, na mkanda wa usalama umeungua nusu, unaning'inia kama ulimi wa mbwa.

Rahmah akakaa chini pale pale kwenye matope.

Wanaotufuata tangu mwanzo wanajua kwa nini. Dawudi alikwenda Juba na malori, hakurudi. Aliyerudi ni Yasiin, na kofia ya kaka yake mkononi. "Nimemzika kwa mikono yangu," akaapa. Kaburi hakuna aliyeliona, lakini kofia wote waliiona, na wazee wa ukoo ni watu wa kuamini kofia. Wakakata shauri: Spacio ya marehemu ikipita ukaguzi, Rahmah aiendeshe ale jasho lake. Isipopita, ni ya Yasiin. Mchana huu huu, bila rufaa. Yasiin ana gari lake, Premio ya buluu, lakini jicho la Yasiin halijawahi kushiba.

"Basi nimekwisha," Rahmah akasema.

Shangazi Sitti akalitazama tundu. Akautazama mkanda. Kisha akarudi kukaa juu ya tundu, akauchukua ule mkanda ulioungua, akaupitisha chini ya shuka yake, akajikunjia vizuri.

"Unaona tundu?"

"Sioni."

"Unaona mkanda?"

"Naona umeufunga."

"Basi. Mimi sishuki mpaka upite."

Honi ikalia. Yasiin huyo! Kanzu nyeupe, viatu vyeusi vinang'aa, Premio imeoshwa mpaka matairi yanaona haya.

"Shemeji!" akaita, anapunga moshi kwa mkono. "Nimesikia unachoma nyama, nikasema nisipitwe. Au ndiyo hilo gari langu linaiva?"

"Bado ni langu, Yasiin."

"Mpaka mchana, shemeji. Mpaka mchana." Akamgeukia Ambroise. "Fundi, mtungi! Mimi niko mbele kwenye foleni."

Ambroise akamtazama Rahmah kwa huruma, akampa Yasiin mtungi. Sheria ya garaji ni sheria: wa mbele ndiye anayeanza.

"Lakini ukimaliza unamupitishia mama Rahmah na dirisha," akasema.

"Kwani mimi nani? Si ndugu yake?" Yasiin akafungua buti, akautupa mtungi ndani, akaliacha buti wazi, akaenda kujitazama kwenye kioo cha pembeni.

Shangazi Sitti akashuka kidogo kunyoosha miguu. Akazunguka huko na huko. Akarudi. Hakuna aliyemtazama. Mwanamke akishazeeka hatazamwi. Na hiyo, dada zangu, ni mali iliyo bora kuliko dhahabu.

Rahmah aliona tu kwamba chetezo hakipo tena miguuni mwa shangazi. Akadhani amekimwaga mtaroni. Akashukuru Mungu, akawasha gari.

Uwanja wa ukaguzi uko Kawempe, nyuma ya stoo za mbao. Foleni ilikuwa ndefu. Mkaguzi anaitwa Aciro, mwanamke mrefu mwenye buti za kazi na tableti mkononi. Aciro hacheki. Madereva wanasema akifungua soda, povu lenyewe linaomba ruhusa kupanda.

Premio ikaingia.

"Washa taa. Kulia. Kushoto. Piga honi. Mtungi iko wapi?"

Yasiin akafungua buti kidogo tu, akachomoa mtungi, akauonyesha kama kombe la mpira, akaurudisha haraka. Aciro akabonyeza tableti yake, akabandika stika kwenye kioo. Gari la Yasiin limepita.

Spacio ilikuwa inafuata. Rahmah akatoa mkono dirishani.

"Yasiin, mtungi."

Yasiin akafunga buti. Ta! Akazungusha ufunguo kidoleni.

"Mtungi gani, shemeji?"

"Usinitanie. Wa Ambroise."

"Ule uliokaguliwa ni wangu. Mkaguzi mwenyewe ameuandika." Akainama dirishani, akateremsha sauti. "Usihangaike. Nitalitunza gari. Nitaweka hata picha ya marehemu mbele, abiria wamwombee."

"Wewe una moyo gani, Yasiin?"

"Wa kawaida tu. Ila wangu una magari mawili."

Rahmah akageuka kumtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama nje, mikono kwenye mapaja, ametulia kama anangoja chakula cha harusi.

"Shangazi, tumekwisha!"

"Mm. Umeona buti la Premio?"

Rahmah akatazama. Kutoka pembeni mwa buti la Yasiin, moshi ulikuwa unatoka. Kwanza uzi. Kisha kamba. Kisha shuka nzima.

"Wewe wa kanzu!" Aciro akanguruma. "Gari yako iko nawaka! Toa mtungi, zima!"

Yasiin akageuka, rangi ikamtoka. Akakimbia, akafungua buti, moshi ukamla kichwa. Akatokea na mtungi, akachomoa pini, akaelekeza, akabonyeza.

Mtungi ukakohoa mara moja, kama bibi aliyeulizwa umri wake, ukanyamaza.

Akabonyeza tena. Kimya. Akautikisa. Akaupiga kofi. Akausomea Bismillahi. Kimya.

Mtungi ulikuwa mtupu! Mtungi uliopitisha magari ya Bwaise nzima haukuwa na kitu tumboni, pengine tangu siku Ambroise alipovuka mpaka nao.

Aciro akanyakua jerikeni la maji, akamwaga butini. Chwaa! Moshi ukafa. Akaingiza mkono, akatoa chetezo cha udongo kinachotiririka maji.

"Hii ni nini?"

"Si changu!" Yasiin akalia. "Wallahi si changu!"

"Ni changu, binti," Shangazi Sitti akasema kutoka dirishani, kwa upole wa mtu anayeomba chumvi. "Buti lake nalo linanuka samaki. Nikasema, mtoto wa kaka yangu atapitaje bila kufukizwa? Au nimekosea?"

Aciro akaupokonya mtungi mkononi mwa Yasiin. Akaugeuzageuza, akausogeza karibu na macho.

"Hii mkwaruzo naijua," akasema polepole. "Nilikagua hii mtungi kwa Vitz. Nikakagua kwa Noah. Nikakagua kwa ile Wish ya mchungaji. Kila siku tunasalimiana na hii mtungi, na mimi nafikiri ni mitungi mingi!"

Akainua kichwa kutazama foleni. Foleni nzima ikatazama mbinguni. Kisha, huko nyuma, gari moja likaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kama mtu anayetoka msikitini na viatu vya mwenzake. Likafuata la pili. Likafuata la tatu.

Aciro akaenda kwenye Premio, akaibandua stika. Krrr! Akachungulia buti. "Waya ya taa ya nyuma imeungua. Hii gari haitoki hapa mpaka fundi akuje."

"Madam, nisikilize—"

"Simama huko. Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Rahmah.

Taa, sawa. Honi, sawa. Matairi, Aciro akayapiga teke, sawa. Akaingiza pua dirishani akanusa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. Gari lilinukia kama nyumba ya harusi.

"Mtungi?"

Rahmah akautazama mtungi mkononi mwa Aciro. Angeweza kusema umeibiwa. Angeweza kusema umesahaulika nyumbani. Madereva wa Kampala wamesahau nyumbani vitu vingi ambavyo havijawahi kufika nyumbani.

"Wangu ni huo ulioushika wewe, nyabo," akasema kwa heshima. "Nilikuwa nangoja nipitishiwe."

Aciro akaubana mtungi kwapani.

"Tangu nianze kazi hii, wewe ndiye wa kwanza kusema ukweli."

"Basi nimepita?"

"Hapana. Ukweli haizimi moto. Bila mtungi, haipiti."

Yasiin, na masizi yake usoni, akachanua tabasamu. Akasogea na kunyoosha kiganja.

"Ufunguo, shemeji. Wazee walisema, na mkaguzi amesema. Unataka nani mwingine aseme?"

Rahmah akazima gari. Akachomoa ufunguo. Akafikiria asubuhi zote alizoliosha gari lile tangu Dawudi aondoke, na halikuwa na safari ya kwenda popote. Akaunyoosha mkono wake nje ya dirisha, ufunguo ukining'inia, kidole cha Yasiin kikaugusa—

Ko! Ko! Ko!

Wote wakageuka. Kwenye kiti cha nyuma Shangazi Sitti alikuwa ameanza tena kuponda ubani.

"Nyanya," Aciro akasema, "hiyo unapondea nini?"

"Hiki? Mchi wangu."

"Naomba kuona."

Sitti akafungua kitambaa bila haraka. Ndani yake kulikuwa na mtungi mdogo mwekundu wa kuzimia moto, rangi imechubuka kitako, lakini kishale chake cha kipimo kiko kwenye kijani.

"Shangazi!" Rahmah akapiga kelele. "Tangu asubuhi nalilia mtungi!"

"Ulilia wa Ambroise. Mimi hukuniuliza."

"Umeutoa wapi?"

"Ulikuwa humu garini. Dawudi alinipa siku anakwenda Juba. Akasema, Shangazi, nitunzie, na usimpe Yasiin."

"Kwa nini usinipe mimi?" Yasiin akabwata.

"Sikumuuliza. Mtu akikuambia usimpe Yasiin kitu, unauliza sababu?"

Aciro akaupokea. Akakisoma kishale. Akachomoa pini, akabonyeza kidogo tu kujaribu. Fuuuu! Unga mweupe ukaruka, na sijui ni upepo ama ni Aciro, ukamwangukia Yasiin kutoka kichwani mpaka viatuni. Akawa mweupe kuliko kanzu.

"Mtungi iko sawa," Aciro akasema.

Rahmah akarudisha ufunguo mahali pake haraka kama mtu aliyeokota mtoto barabarani. Lakini hajapona, jamani! Aciro amezunguka gari. Anakuja upande wa kushoto. Upande wa mlango ule. Upande wa tundu.

Akashika kitasa, akavuta. Mlango, kimya. Akavuta tena.

"Hii mlango haifunguki?"

"Unafunguka, nyabo, ila unataka—"

"Binti!" Shangazi Sitti akatoa kichwa dirishani, amekunja uso. "Umeanza na mlango kabla ya salamu? Nimekaa hapa tangu asubuhi, mtu mzima kama mama yako, na unanivutia mlango kama unatoa mbuzi?"

Aciro mwenye buti za kazi, Aciro asiyecheka, akaona haya kama msichana. Maana ana mama, na mama yake alimlea. Mkono bado uko kwenye kitasa, akapiga magoti kumsalimu mzee. Goti la kulia likagonga mlango, chini kidogo ya kitasa.

Ka! Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, kwa adabu zote.

Rahmah akafumba macho.

"Nyanya, habari ya asubuhi," Aciro akasema, bado amepiga magoti.

"Njema, mwanangu. Na watoto?"

"Wazima."

"Na mama nyumbani?"

"Mzima, nyanya. Naomba ushuke kidogo niangalie kiti."

"Mgongo, mwanangu. Nikishuka, ni wewe utakayenipandisha." Akapapasa mkanda kifuani kwa madaha. "Lakini kiti ni kizuri. Ningekaa kiti kibaya muda wote huu, kwa umri huu?"

Aciro akatazama mkanda ulivyopotelea chini ya shuka. Akatazama kona ndogo nyeusi iliyochungulia pembeni mwa paja la Sitti. Akaitazama sana. Mama yake alimwambia usimwinue mzee aliyekaa. Kampuni ilimwambia uinue kila kitu.

Akasimama, akafuta vumbi magotini.

"Kiti iko na mtu," akasema kwa sauti. Akabandika stika. Kisha akainama kwenye dirisha la Rahmah, akanong'ona: "Siku nyanya atashuka, ashuke na kile kiti. Kesho weka kingine, pamoja na mkanda. Nitaangalia mimi mwenyewe."

Gari likawa la Rahmah. Mbele ya foleni yote, mchana kweupe, bila rufaa!

Alilia. Akacheka. Akampigia Ambroise simu kumwambia, na Ambroise akauliza swali moja tu: mtungi wangu iko wapi?

Mlidhani Yasiin aliondoka kwa aibu? Hamumjui. Premio imezuiwa, jua linawaka, unga unamwasha shingoni. Akaja na sauti ya asali.

"Shemeji, mambo ya gari yamekwisha, undugu haujakwisha. Nisogeze Bwaise nikamlete fundi."

Rahmah alitaka kumwacha. Shangazi Sitti ndiye aliyesema, "Mpe lifti. Dereva hachagui abiria." Akamwomba Rahmah ampigie goti mlango, akahamia kiti cha mbele, kama abiria wa heshima. Yasiin akaingia nyuma, akakalia tundu, mlango ukafungwa.

Hawajafika getini, simu ya Rahmah ikalia kwenye kishikio chake mbele. Abiria wa kwanza! Jina: Saverio. Mahali: Mulago, geti la chini la hospitali. Simu iko kwenye spika, gari zima linasikia.

"Halo, dereva wako hapa," Rahmah akasema kwa sauti ya kikazi aliyoifanyia mazoezi.

"Halo," sauti ya mwanamume ikajibu. Imechoka, ina kikohozi. "Jina hilo lisikutishe, ni la mwenye simu, tunalala wodi moja. Nimeona namba ya gari kwenye simu yake, nikamwomba aite. Uko mbali?"

Rahmah akakanyaga breki, gari likasimama.

"Niko Kawempe," akasema polepole.

"Basi njoo tu. Na ukifika usishuke kunifungulia. Ule mlango wa kushoto nitaupiga goti mwenyewe."

Simu ikakatika.

Shangazi Sitti hakugeuka. Alivuta shuka yake vizuri begani, akaguna, "Mm. Kumbe hata kaburi halina kitasa."

Nyuma yao Yasiin, aliyeapa kwamba alimzika kaka yake kwa mikono yake, alikuwa amekishika kitasa kwa mikono ile ile miwili. Anavuta. Anasukuma kwa bega. Anapiga kwa ngumi, unga mweupe ukimpukutika ndevuni.

Mlango ukakataa kabisa.

Rahmah akamtazama kwenye kioo. Akatia gia.

"Funga mkanda, shemeji," akasema. "Tunapitia Mulago."